Kikokotoo kisichoazimika

Mwisho wa mwezi ofisini kwetu hakuna salamu ndefu. Kila mtu ameinamia risiti zake, feni inazungusha joto lile lile, na ile mashine ya hesabu yenye karatasi, ambayo ni moja kwa watu watano, inagombaniwa kama bomba la maji wakati wa mgawo. Ndipo kijana wetu mpya wa dirishani akanijia.

"Dada, samahani, niazime kalkuleta yako dakika mbili tu."

Nikampa. Sikusema kitu. Nakiri kuna uchokozi fulani katika kumpa mtu kile kikokotoo halafu ukanyamaza, na mimi nimeufanya mara nyingi bila kutubu.

Dakika mbili hazikuisha. Alirudi amekishika kwa vidole viwili, kama mtu anayerudisha simu ya wenyewe iliyomtumbukia majini. "Dada, nadhani hii ni mbovu. Haina sawasawa."

Haina kweli. Haijawahi kuwa nayo. Ni HP-12C: bapa, imelala kwa upana, inatosha kwenye kiganja, vitufe vyake vina maandishi ya rangi ya dhahabu juu na ya buluu chini. Utaona alama za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, zote zimejipanga ukingoni kulia kama kawaida. Kitufe cha sawasawa ndicho hutakiona hata ukikigeuza kichwa chini. Badala yake kuna kitufe kimoja kirefu kilichosimama, kimechukua nafasi ya vitufe viwili, kimeandikwa ENTER.

Nimefanya kazi ya mikopo kwenye SACCOS hapa Moshi kwa miaka kumi na sita. Katika muda huo vikokotoo vya wenzangu vimeazimwa vikapotea, vimeibwa, vimemwagiwa chai, kimoja kilikwenda na mwanachama aliyekuja kuulizia riba. Changu kipo. Hakuna aliyewahi kukiazima mara ya pili.

(Nasema kikokotoo nikijua kwamba siku hizi ukilitaja neno hilo Tanzania wastaafu wanashtuka, wanadhani unaongelea mafao yao. Mimi naongelea kile cha betri.)

Kilikuwa cha baba mdogo. Alikuwa mhasibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa huko kwetu Uru, na mkaguzi mmoja mgeni aliyekuja na mradi alimwachia kama shukrani siku ya kuondoka. Tangu siku hiyo hakikutoka kwenye mfuko wa shati lake ila usiku. Shati lolote, hata la kwenda shambani. Tulipokuwa wadogo tulidhani ni kitu cha dini.

Alinifundisha likizo ya Desemba nikiwa kidato cha pili, na hakunifundishia mezani. Nilikuwa naosha vyombo nyuma ya jiko, na yeye amekaa kwenye kigoda anangoja chai.

"Mama, tano, tatu. Ngapi?"

"Nane."

"Nani kakwambia ujumlishe?"

Nikanyamaza. Ni kweli, hakusema.

"Umetajiwa namba mbili. Hujaambiwa uzifanyie nini. Mtu mwenye adabu angesubiri."

Nilikasirika, maana niliona ni utani wa wazee. Kumbe ndiyo somo lenyewe lote. Kwenye kile kikokotoo unataja namba kwanza, kinazipokea, kinanyamaza, kinasubiri. Unaandika 5, unabonyeza ENTER, unaandika 3, halafu ndipo unabonyeza alama ya kujumlisha. Hapo hapo inakuja 8. Sawasawa ya nini tena? Sawasawa ni kitufe cha kusema "nimemaliza, sasa fanya". Huku ukishataja tendo umeshamaliza, kwa sababu namba zake ziko tayari.

Kisha akanionyesha sahani nilizokuwa nazipanga. Nimeosha sahani ya kwanza nikaiweka chini, ya pili juu yake, ya tatu juu yake. "Mtu akija kuchukua sahani, anachukua ipi?" Ya juu, bila shaka, ile ya mwisho kuoshwa. Hakuna anayechomoa ya chini. Ndani ya kikokotoo, namba zinapangwa hivyo hivyo. ENTER inasukuma namba juu ya rundo ili ipishe nyingine. Alama ya tendo inachukua sahani mbili za juu, inazifanyia kazi yake, inarudisha sahani moja. Rundo hilo watu wa kompyuta wanaliita staki. Kwenye kikokotoo changu lina nafasi nne tu, na kila nafasi ina herufi yake: X ndiyo ile unayoiona kwenye kioo, halafu Y, Z na T.

Alinipa zoezi moja ambalo bado nalitumia nikimfundisha mtu: jumlisha 5 na 3, toa 2 kwenye 9, kisha zidisha majibu hayo mawili. Shuleni ungeandika (5 + 3) × (9 − 2), na mabano ni lazima, ukiyasahau umeharibu. Kwa kikokotoo cha kawaida chenye mabano hiyo ni kubonyeza mara 12 ukihesabu na sawasawa. Kwa baba mdogo ilikuwa:

5 ENTER 3 + 9 ENTER 2 − ×

Mara 9. Fuatilia sahani: 5 na 3 zimekuwa 8. Hiyo 8 inakaa. 9 inaingia juu yake, kisha 2, alama ya kutoa inazichukua hizo mbili za juu inarudisha 7. Sasa kuna 8 na 7 tu. Alama ya kuzidisha inazichukua zote mbili: 56. Hakuna bano hata moja, na hakuna mahali ambapo ungeweza kulihitaji.

Nilikaa na vile vyombo hadi maji yakapoa.

Kilichonishangaza miaka ile hakikuwa kasi. Nilishangaa kwamba sikuulizwa MAGAZIJUTO. Waliosoma shule ya msingi Tanzania wanalijua hilo neno kama wanavyojua jina la mwalimu aliyewachapa: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Tumeliimba. Nilikua nikiamini ni sheria ya namba zenyewe, kwamba huko namba zinakotoka kuzidisha kumetangulia kujumlisha kama vile kaka mkubwa anavyotangulia kuoa. Halafu hapa kuna mashine inafanya hesabu zote za ushirika, tani za kahawa, makato, malipo ya awali na ya pili, na haijui MAGAZIJUTO ni nini.

Ilinichukua muda kuelewa. MAGAZIJUTO ni makubaliano ya kusoma. Tumeamua kuandika alama katikati ya namba, 2 + 3 × 4, na tukiandika hivyo msomaji hajui aanzie wapi, basi tukatunga utaratibu wa kumwelekeza. Alama ikikaa mwisho, utata wenyewe haupo, na utaratibu hauna kazi.

Tena utaratibu wenyewe, ukiufuata kama ulivyoimbwa, unaweza kukutumbukiza. Chukua 10 − 3 + 2. JU imetangulia TO, kwa hiyo mtoto mtiifu anajumlisha 3 na 2 kwanza, anapata 5, anatoa kwenye 10, anapata 5. Anakosa. Jibu ni 9, kwa sababu kujumlisha na kutoa ni wa rika moja, unakwenda nao kutoka kushoto. Walimu wazuri wanalieleza hilo. Wangu hakulieleza, au nilikuwa natazama dirishani. Kwenye kikokotoo cha baba mdogo kosa hilo haliwezi kufanyika kwa bahati mbaya. Ukitaka 9 unaandika 10 ENTER 3 − 2 +. Ukitaka 5 unaandika 10 ENTER 3 ENTER 2 + −. Ni maneno mawili tofauti, kama "mama wa rafiki" na "rafiki wa mama".

Mwaka fulani lile swali maarufu la mtandaoni lilifika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu: 8 ÷ 2(2 + 2). Mnalijua. Shangazi, mwalimu mstaafu, akasema 16 na MAGAZIJUTO yake. Binamu yangu, mhandisi, akasema 1, eti 2(2 + 2) imeshikamana, ni kitu kimoja. Siku tatu. Watu walikumbushana mambo ya mahari. Mimi nikaandika mistari miwili:

8 ENTER 2 ÷ 2 ENTER 2 + ×
8 ENTER 2 ENTER 2 ENTER 2 + × ÷

Wa kwanza unatoa 16, wa pili unatoa 1 (na unatumia nafasi zote nne za rundo, hakuna hata moja iliyobaki). Nikasema kosa ni la aliyeandika swali, akaulizwe alikuwa anataka lipi. Shangazi alinijibu kwa emoji ya macho, kundi likarudi kwenye michango ya harusi.

Huu mtindo wa alama mwisho watu wa kompyuta wanauita postifiksi. Jina lake jingine ni mtindo wa Kipolandi uliogeuzwa, na nilidhani Mpolandi ndiye aliyeugundua, kumbe yeye alianza upande wa pili. Jan Łukasiewicz alizaliwa mwaka 1878 Lwów, mji ambao leo ni Lviv wa Ukraine, akawa mwanamantiki mkubwa Warszawa, hata waziri wa elimu kwa muda mfupi mwaka 1919. Mwaka 1924 alipata wazo la kuandika kanuni za mantiki bila mabano kwa kutanguliza alama: + 5 3. Vita Kuu ya Pili ilimtoa kwao, akaishia Dublin, akafariki huko mwaka 1956.

Aliyeigeuza akaifanyia kazi kwenye kompyuta anayetajwa sana ni Charles Hamblin, mwanafalsafa wa Australia. Nampenda kwa sababu ya hilo, mwanafalsafa kupewa mashine. Chuo chake Sydney kilipata kompyuta ya Kiingereza iitwayo DEUCE miaka ya 1950, kumbukumbu yake ndogo mno, na kuiandikia programu kulikuwa kama kuandika barua kwa namba za masanduku ya posta: kila jibu la katikati ulilazimika kulitafutia mahali pa kulihifadhi na kukariri anwani yake. Hamblin aliona kwamba ukiweka alama mwisho na ukatumia rundo, majibu ya katikati hayahitaji anwani. Yapo juu ya rundo, yanangoja. Kufikia 1957 alikuwa na lugha ya programu ya mtindo huo, aliiita GEORGE. Hakuwa peke yake. Wamarekani watatu, Burks, Warren na Wright, walikuwa wameandika wazo la kuugeuza mtindo wa Kipolandi mwaka 1954.

Na HP? Hao walikuja na HP-35 mwaka 1972, kikokotoo cha kwanza cha kisayansi cha kuingia mfukoni, vitufe 35, bei dola 395. Inasimuliwa kwamba Bill Hewlett mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, alitaka kiingie kwenye mfuko wa shati. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu, nikamkumbuka baba mdogo na shati lake la shambani. Kwa wahandisi wale alama mwisho haikuwa mapenzi ya Wapolandi, ilikuwa ubahili: mashine haina haja ya kukumbuka mabano yaliyofunguliwa wala matendo yanayosubiri zamu, inatenda papo hapo unapobonyeza. HP-12C, ya watu wa fedha, ilitoka mwaka 1981, na bado inauzwa. Sijui kifaa kingine cha betri cha mwaka huo ambacho ningekwenda nacho kazini kesho.

Basi turudi kazini. Mwanachama anataka mkopo wa milioni tatu, miezi 24, riba asilimia moja na nusu kwa mwezi kwa salio linalopungua. Nabonyeza 24 kisha kitufe cha n (idadi ya miezi), 1.5 kisha i (riba), 3000000 kisha PV (kiasi cha mkopo), halafu PMT (rejesho la kila mwezi) peke yake. Inakuja −149,772.30 hivi. Ona hapo pia namba imetangulia, kazi yake ikafuata. Ile alama ya hasi inawachanganya sana wanachama wakichungulia. Ni kwamba fedha iliyoingia mfukoni ina alama moja na inayotoka ina nyingine. Mzee mmoja aliniambia afadhali hata mashine inakiri kwamba mkopo ni hasara.

Na ukimwuliza kinyume, kwamba rejesho ni hili, mkopo ni huu, riba ni ngapi, kioo kinaandika "running" kikipepesa, kinafikiri. Simu ingekujibu kabla hujainua kidole. Baba mdogo aliipenda hiyo "running". Alikuwa anaiweka mezani, anakunja mikono, anamwambia mkulima, "Subiri, anapiga hesabu," kana kwamba ndani kuna mtu.

Kuna ujanja mmoja nataka niuandike hapa kabla sijausahau, maana sijaukuta ukielezwa kwa Kiswahili. Tuseme una bei ishirini na kila moja unataka kuiongezea VAT ya asilimia 18. Andika 1.18, bonyeza ENTER mara tatu. Rundo lote limejaa 1.18, sahani nne zinazofanana. Sasa andika 5000, zidisha: 5,900. Bonyeza CLx kufuta kilichopo kwenye kioo, andika 7500, zidisha: 8,850. Endelea hadi uchoke. 1.18 haiishi, kwa sababu kila tendo linapokula sahani, ile nafasi ya mwisho kabisa, T, inajinakili yenyewe badala ya kubaki tupu. Ni kama chungu cha uji kwenye zile hadithi za bibi, unachota na hakipungui.

Nimejaribu kueleza watu kwamba mtindo huu si mgeni kwetu, na sikubaliki, lakini blogu ni yangu. Sikiliza Kiswahili kinavyofanya hesabu. "Jumla ya tano na tatu": tendo limetangulia, huyo ni Łukasiewicz. "Tano jumlisha tatu": tendo katikati, hiyo ni shule. Halafu nenda dukani. "Nipe sukari kilo mbili, mchele kilo tano, mafuta lita moja, na kiberiti. Haya, piga hesabu." Umetaja vitu vyote, mwenye duka amevipanga kichwani, tendo limekuja mwisho kwa neno moja. Hakuna mteja anayesema "sukari jumlisha mchele jumlisha mafuta". Hata mtoto wa darasa la pili akijumlisha kwa wima, anaandika namba ya juu, anaandika ya chini, anapiga mstari, ndipo anaanza kazi. Alama ile ya kujumlisha pembeni ni pambo tu, mikono imeshajua.

Mpwa wangu anasoma mambo ya kompyuta chuoni, na Krismasi iliyopita alikuja na habari kubwa ya kunifundisha. Alinieleza kwamba ukiandika hesabu ya kawaida yenye mabano kwenye programu, ndani kwa ndani mara nyingi hugeuzwa ikawa ya alama mwisho kabla ya kufanyiwa kazi, na kwamba Mholanzi Edsger Dijkstra alieleza njia ya kuigeuza mwaka 1961 kwa mfano wa uwanja wa kupangia mabehewa. Namba zinapita moja kwa moja kwenye reli kuu, alama zinaingizwa reli ya pembeni zikingoja, na alama yenye cheo kikubwa inatoka kabla ya ile yenye cheo kidogo. Alinichorea kwenye bahasha ya kadi. Alinifungulia na programu ya zamani sana kwenye kompyuta yake ya Linux, inaitwa dc, ukiandika 5 3 + p (hiyo p ni kusema "onyesha") inakujibu 8. Aliongeza kwamba hata ndani ya faili la PDF maagizo yanaandikwa hivyo, vipimo vya mahali kwanza, amri baadaye. Yaani zile taarifa za akaunti tunazowatumia wanachama kila robo mwaka, ndani yake kuna lugha ya baba mdogo.

"Ma'mdogo, umeelewa lakini?"

Nikamwambia akaniletee sahani.

Sasa, nisije nikaonekana nimeolewa na kikokotoo. Kina ubaya wake. Kwanza, hakiachi nyayo. Ile mashine ya karatasi ukikosea unaona ulipokosea, huku namba zikishaliwa na tendo zimekwenda. Mkaguzi hawezi kukagua rundo. Pili, kwenye kutoa na kugawanya lazima ukumbuke nani ametangulia, ukikosea unabonyeza kile kitufe cha kubadilishana X na Y, na ukikibonyeza mara mbili kwa wasiwasi umerudi ulipokuwa. Tatu, mimi mwenyewe sijui tena kutumia kalkuleta za watu. Kwenye simu naandika tano, nangoja, naandika tatu, natazama 53.

Na kubwa zaidi ni hizo nafasi nne. Mwaka mmoja tulikuwa tunaandaa gawio la wanachama, saa moja usiku, umeme umekatika mara mbili. Nilikuwa na hesabu ndefu yenye sehemu ndani ya sehemu, nikaanza kuitaja kutoka nje kwenda ndani, namba ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Sahani ya tano iliposukumwa, ile ya kwanza iliangukia upande wa pili. Hakuna kengele, hakuna neno la kosa. Kilichoendelea kunijibu kilikuwa na uhakika ule ule na desimali mbili zile zile. Jibu lilikuwa karibu na la kweli, na hapo ndipo ubaya ulipo, lingekuwa mbali ningeshtuka. Tuliligundua kesho yake tulipolinganisha na leja, kabla halijatangazwa, na mimi ndiye niliyelipa chai ya wiki nzima.

Baba mdogo nilipomsimulia hakunipa pole. Aliniuliza, "Ulianzia wapi?" Nikamwambia nje. Akatikisa kichwa. Hesabu ya namna hiyo unaanzia kwenye bano la ndani kabisa na kutoka nalo, na ukifanya hivyo nafasi nne ni nyingi mno. Sijawahi kuzijaza tena tangu siku hiyo isipokuwa kwa kutaka, kwa ule ujanja wa VAT au kwa kumwudhi shangazi. Ni lazima uitazame hesabu nzima kabla hujagusa kitufe. Kalkuleta ya kawaida inakuruhusu kuanza kuandika kabla hujaelewa, inakubeba kutoka kushoto kwenda kulia kama daladala, utashuka mbele ya safari.

Wiki iliyopita nyota ndogo ilianza kupepesa kwenye kona ya chini kushoto ya kioo. Hiyo ni betri. Matoleo ya sasa nasikia yanatumia betri pana, hiki cha zamani kina tatu ndogo kama vifungo, na tangu nikabidhiwe nimebadilisha mara chache kiasi kwamba kila mara nasahau ziliponunuliwa. Jumamosi nikakipeleka kwa fundi saa anayekaa barazani karibu na soko la kati. Alikifungua kwa heshima, akapuliza, akaweka tatu mpya, akakigeuza. Kioo kikaandika "Pr Error". Alipauka. Nikamwambia asijali, ni kusema tu kimepoteza kumbukumbu, abonyeze kitufe chochote. Akabonyeza, ikatulia.

Basi akataka kukijaribu kabla hajapokea hela yake, kama fundi mwaminifu. Nilimwacha. Akabonyeza 2, akabonyeza alama ya kujumlisha, akabonyeza 2, kidole kikabaki hewani kikitafuta. Kilitembea safu nzima ya kulia, kikashuka, kikapanda. Akakisogeza kwenye mwanga.

"Mama yangu," akasema taratibu, "betri nimeweka, na ni mpya kabisa. Ila nisikufiche. Mbili jumlisha mbili kinaniambia mbili."